Palipolowa Sipo Palipotoboka

Ukipita mitaa ya Nangara, hapa mjini Babati, wakati wa kiangazi, Septemba au Oktoba, vumbi likiwa limetanda hadi kwenye majani ya migomba, utaona hapa na pale nyumba ambayo nyuma yake kuna kipande cha majani mabichi. Mwenye nyumba hakupanda bustani pale. Majani yale yananyweshwa na bomba linalovuja, na bili anailipa yeye. Wakati huohuo, hatua chache kutoka hapo, yupo mama aliyepanga ndoo zake tangu alfajiri akisubiri zamu ya maji ya mtaa wake.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya maji yanayovuja majumbani mwetu: chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye simtanki, kwenye bomba la uani. Najua wengi tumeyazoea. Tunaweka kopo chini, kopo likijaa tunamwaga, siku inapita. Mimi siwezi kuliona kuwa jambo dogo, na nitaeleza kwa nini. Ila kwanza niseme neno moja ambalo ningependa ulishike hata kama utalazimika kuzima redio sasa hivi: palipolowa sipo palipotoboka. Maji hutambaa. Yakitoka juu, kwenye shingo ya bomba la sinki, hushuka polepole yakifuata mgongo wa bomba, hupita kona moja, hupita kona ya pili, hufika kwenye nati ya chini kabisa, na hapo ndipo yanapodondoka. Wewe unaiona ile nati inadondosha. Unachukua spana unaikaza. Haiachi. Unaikaza tena kwa nguvu zaidi mpaka plastiki inapasuka, na sasa una matundu mawili wakati mwanzo lilikuwa moja.

Nimewahi kumwona fundi kijana hapa Nangara akiitwa na mama mmoja jikoni. Alipoingia alisema, "Shikamoo mama, naomba kitambaa kikavu." Mama akashangaa. "Marahaba mwanangu. Kitambaa cha nini? Si ufunge tu hapo panapovuja?" Yule kijana akamjibu kwa adabu, "Bado sijapajua mama." Akafuta kila kitu chini ya sinki, bomba, nati, ukuta, mpaka pakawa pakavu kabisa. Akatandika gazeti. Kisha akafungua maji, akakaa akitazama bila kugusa kitu. Ilichukua muda. Baadaye akapitisha karatasi ya chooni taratibu kwenye kila kiungo, akianzia juu kwenda chini, na karatasi ikalowa mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amepadhania. Kazi ya kufunga ilikuwa fupi. Kazi kubwa ilikuwa ile ya kutazama, na ninamheshimu fundi wa namna hiyo kuliko yule anayefika na spana tayari mkononi.

Sasa niseme kwa nini nalijali jambo hili. Chukua bomba moja linalodondosha tone moja kila sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Matone hayalingani ukubwa, lakini ukikadiria kwamba matone manne hufanya mililita moja, kwa siku unapoteza zaidi ya lita 21. Hiyo ni ndoo yetu ya lita 20 na ziada. Kwa mwezi ni karibu lita 650, na kwa kuwa uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, umelipia karibu theluthi mbili za uniti bila kunywa, bila kuoga, bila kufua. Kama huamini hesabu yangu, weka ndoo chini ya bomba hilo usiku, asubuhi uitazame.

Lita 21 ni nyingi kiasi gani? Mwaka 1972 kilitoka kitabu kiitwacho Drawers of Water, cha Gilbert White, David Bradley na Anne White. Walikuwa wamezunguka Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960 wakipima jinsi watu wa kawaida wanavyoteka na kutumia maji. Watafiti wengine waliporudi katika maeneo yaleyale baada ya miaka 30 hivi, walikuta matumizi ya mtu mmoja kwa siku yameshuka, kutoka wastani wa lita 61 hadi lita 40 hivi. Fikiria hilo. Katika kipindi hichohicho nchi yetu ya Tanzania ilikuwa imepanga, tangu 1971, kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini awe na maji karibu na nyumba yake. Watu walikuwa wameongezeka, mabomba yamechakaa, na mtu mmoja akabaki na lita 40. Bomba lako linalodondosha tone kwa sekunde linamwaga nusu ya maji hayo ya mtu mmoja, kila siku.

Lipo pia jambo la afya, na hili naomba akina mama na akina baba walisikilize kwa makini. Tundu kwenye bomba huachia maji yatoke wakati presha ipo. Presha ikikatika, kama inavyotokea kwenye mgao, bomba hubaki tupu, na linaweza kuvuta kile kilichopo nje yake. Kama bomba limefukiwa kwenye tope lililo karibu na shimo la choo, au limepita kwenye mtaro wa maji machafu, uchafu ule huingia. Maji yakirudi, yanausukuma hadi kwenye kikombe cha mtoto. Ndiyo maana baada ya mgao mrefu ni vizuri kuyaacha maji ya kwanza yatoke, uyakinge kwenye ndoo uyatumie kumwagilia au kusafishia choo, na ya kunywa uyachemshe.

Haya, tutafute linapovuja. Anzia kwenye mita, maana mita haina upendeleo. Subiri siku ambayo maji yapo, funga koki zote za nyumba, waambie watoto wasiguse choo wala bomba la uani. Hakikisha tanki limeshajaa, au koki inayolipelekea maji imefungwa. Kisha isogelee mita na uitazame. Kwenye mita nyingi za majumbani tarakimu nyeusi huhesabu uniti nzima, nyekundu huhesabu sehemu ya uniti, na pembeni kuna kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa maji machache sana. Kikizunguka wakati kila kitu kimefungwa, kuna maji yanayopita. Kisiposogea hata kidogo, andika tarakimu zote kwenye karatasi, kaa saa moja bila kutumia maji, urudi kusoma tena.

Mita ikishasema kuna maji yanayopita, ndipo unaigawa nyumba vipandevipande. Kama kuna koki mahali ambapo bomba linaingia ndani ya nyumba, ifunge. Kigurudumu kikisimama, tatizo liko ndani. Kikiendelea, tatizo liko kati ya mita na nyumba, yaani ardhini, na hapo utembee juu ya njia ya bomba ukitafuta udongo laini, majani yaliyostawi peke yake, au sisimizi na vyura walioweka makazi mahali ambapo hapakustahili kuwa na unyevu. Kazi hii ifanye usiku kama unaweza. Usiku watu wengi wamelala, maji hayatumiki, presha hupanda, na tundu ambalo mchana linalia kidogo usiku hutoa sauti unayoweza kuisikia ukiweka sikio kwenye bomba.

Ndani ya nyumba, pa kwanza ni jikoni. Sinki ina njia mbili za maji ambazo watu huzichanganya: njia ya kuingia, yenye presha saa zote, na njia ya kutoka, ambayo hupitisha maji pale tu unapoyamwaga. Kama chini ya sinki panalowa hata usiku wakati hakuna aliyeosha chombo, tafuta kwenye njia ya kuingia: koki ndogo ya ukutani, mpira unaopanda kwenda kwenye bomba, na nati zake mbili. Kama panalowa baada ya kuosha vyombo tu, iache njia hiyo. Ziba tundu la sinki, jaza maji, subiri. Yakidondoka wakati sinki imejaa na hujayaachia, tatizo ni ile duara ya chuma kwenye tundu la sinki. Mpira wake umekauka au puti yake imekatika. Yakidondoka pale unapoyaachia, shuka chini kwenye kile kikombe kinachofunguka na kwenye mabomba ya plastiki yanayoelekea ukutani. Nati nyingi za pale hukazwa kwa mkono tu. Ukitumia spana utaikata plastiki. Na kabla hujakifungua kikombe hicho weka beseni chini, kwa sababu kazi yake ni kushika maji yanayozuia harufu ya shimo isipande jikoni, kwa hiyo kimejaa muda wote.

Kama hakuna kati ya hayo, angalia juu. Mara nyingi bomba la sinki huvuja kwenye shingo, pale linapozunguka, na maji hutambaa juu ya sinki, hupenya pembeni mwa ukuta na kutokea ndani ya kabati. Mwenye nyumba anabadilisha mabomba ya chini yote na bado kabati linaoza.

Bomba linalodondosha mdomoni hata likiwa limefungwa lina shida nyingine. Ndani yake kuna mpira mdogo wa duara ambao mafundi huuita washa. Mpira ule ukishaliwa, watu hukaza bomba kwa nguvu, na kadiri wanavyokaza ndivyo unavyozidi kuliwa. Funga koki kuu, fungua bomba maji yaishe, fungua kichwa chake, toa mpira wa zamani na uende nao dukani. Usiende kueleza kwa maneno. Uchukue wenyewe mkononi, maana ukubwa hutofautiana kidogo sana na kile kidogo ndicho kinachovuja. Ukibadilisha mpira na bado linadondosha, pitisha kidole kwenye kiti chake ndani ya bomba. Kama pana mkwaruzo, bomba lenyewe limekwisha, usiendelee kutupa fedha kwenye mipira.

Nizungumzie kidogo ile tepu nyeupe, kwa sababu naiona inatumika vibaya kila mahali. Plastiki inayotengenezewa tepu ile iligunduliwa na mkemia Roy Plunkett wa Marekani mwaka 1938, wakati akitafuta kitu kingine kabisa, gesi ya kwenye majokofu. Kabla tepu haijafika kwetu mafundi walizungushia nyuzi za katani na kupaka rangi, na wazee wengine hadi leo hufanya hivyo vizuri sana. Tepu haifanyi kazi ya gundi. Kazi yake ni kujaza nafasi kati ya meno ya bomba na meno ya kiungo. Izungushe kuelekea upande uleule utakaokazia, ivute ishike, usiizungushe kinyume maana itakunjamana na kutoka yote unapokaza. Na usiiweke juu ya tundu kwa nje ukadhani umeziba. Vilevile haina kazi kwenye nati zenye mpira wake ndani. Pale mpira ndio unaozuia maji.

Hapo ndipo nafika kwenye mpira wa baiskeli. Nani kati yetu hajaona bomba la uani lililofungwa vipande vya tyubu, kipande juu ya kipande, kamba juu yake, na bado linachuruzika? Siwalaumu wanaofanya hivyo. Duka limefungwa, fundi yuko Bonga kwenye kazi nyingine, maji yanamwagika, unafanya unachoweza. Tyubu ni msaada wa usiku mmoja na inastahili shukrani kwa usiku huo. Lakini jua huikausha, presha huilegeza, na ubaya wake mkubwa ni kuwa inaficha tundu. Mwezi wa pili hakuna anayekumbuka kama tundu lilikuwa juu au chini, kama ni ufa au ni kiungo. Ukifunga tyubu, chukua mkaa uandike ukutani tarehe na mahali tundu lilipo. Kisha kata kipande kibovu, uweke kipya na viungo viwili. Kipande kifupi cha bomba hakina gharama ya kutisha ukilinganisha na bili za mwaka mzima.

Chooni maji huvuja bila kulowesha sakafu, na ndiyo maana huvuja miaka. Yanatoka kwenye tangi dogo la kufulashi, yanapita kwenye mpira wa chini, yanaingia bakulini kimyakimya. Weka rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi hilo, usifulashi kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Ukiona rangi imeshuka, huenda mpira wa chini haukai sawasawa. Mara nyingi umejaa chumvichumvi au mchanga na kuusafisha kunatosha. Kama mpira uko sawa na bado unasikia maji, tazama kama yanapita juu kwenye bomba la kumwagia ziada, kisha shusha boya.

Boya ndilo linalotesa hata kwenye simtanki. Tanki likimwaga juu, liinue boya kwa mkono. Maji yakikata, koki ni nzima, ila boya limewekwa juu mno au limetoboka. Litingishe usikilize kama kuna maji ndani yake. Yasipokata, mpira wa koki umeliwa au mchanga umekwama, na mchanga huja sana pale maji yanaporudi baada ya mgao. Tanki likivuja chini, kwenye mdomo wa kutolea, usikimbilie gundi. Tazama kwanza lilivyokaa. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 1,000 likijaa lina tani nzima. Nimeona matanki ya uzito huo yamewekwa juu ya mbao nne zilizoachana, au juu ya mawe yasiyolingana. Kitako kinabonyea kila likijaa, kinarudi kila likiisha, na mdomo unaovutwa namna hiyo kila siku lazima uachie. Tengeneza sakafu bapa inayolibeba tanki lote, ndipo ubadilishe mpira wa mdomo.

Wapo wasikilizaji wanaofanya kazi kwenye jikoni za hoteli, na wengine mna ndugu Muscat au London ambako nyumba zina mashine ya kuoshea vyombo. Mashine hiyo si ngeni duniani: Josephine Cochran wa mji wa Shelbyville, Illinois, alipata hataza yake tarehe 28 Desemba 1886, na mwaka 1893 ilioneshwa kwenye maonesho makubwa ya Chicago. Ikivuja, inatafutwa kwa njia ileile. Kwanza chomoa umeme, maana hapa maji na nyaya vimekaa pamoja. Kisha jiulize inavuja saa ngapi. Ikivuja hata ikiwa imezimwa, tazama mpira wa kuingizia maji na koki yake ya ukutani. Ikivuja mwanzoni kabisa na kutoa povu mlangoni, mtu ametia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, ambayo hutoa povu jingi kuliko mashine inavyoweza kulizuia. Ikivuja mlangoni bila povu, futa mpira unaozunguka mlango na utafute uchafu au ufa, angalia kama mashine imekaa sawa sakafuni, na kama ule mkono unaozunguka na kurusha maji umepasuka ukawa unayarusha moja kwa moja mlangoni. Ikivuja mwishoni wakati wa kumwaga maji, fuata mpira wa kutolea na kichujio cha chini. Saa ya kuvuja inakuonesha njia, kama ilivyokuwa kwa sinki.

Nimalizie na maji yanayovuja nje ya uzio. Kwa kawaida, kuanzia kwenye mita kuingia ndani ni mali yako na gharama ni yako. Bomba linalokuja hadi kwenye mita ni la mamlaka ya maji, na kwa hapa mjini Babati mamlaka hiyo ni BAWASA. Usichimbe mwenyewe barabarani, wala usifunge tyubu kwenye bomba la mtaa. Toa taarifa, na uitoe vizuri. Taja mtaa, taja duka, shule au nguzo iliyo karibu, sema ulianza kuona lini, sema kama maji yanaruka kwa presha au yanachuruzika, na kama yapo saa zote au siku za zamu tu. Kama una simu ya picha, piga picha mbili, moja ya karibu na nyingine ya mbali inayoonesha mahali. Ukipewa namba ya taarifa iandike, na jirani zako nao waitaje namba hiyohiyo wanapopiga, ili fundi atumwe mahali pamoja akiwa amebeba kifaa kinachotakiwa.